Homa ya saa nane usiku: tukae au tuondoke?

Swali: Shikamoo daktari. Binti yangu ana mwaka mmoja na miezi kumi, uzito wake kilo 12. Wiki iliyopita aliamka saa nane usiku anawaka moto, kipimajoto cha kwapani kikasoma 39.4. Nikampa parasetamoli ya maji. Baada ya saa mbili ikashuka hadi 38.2 tu, na ilipofika alfajiri ikapanda tena hadi 39.1. Mama mkwe alisema nimfunike atoe jasho. Dada yangu kwenye simu akasema nimwogeshe maji baridi. Mume wangu alishavaa viatu, anataka twende hospitali. Mtoto mwenyewe alikunywa maji, akaomba mdoli wake, akalala. Tulisubiri kukapambazuka, akapimwa, tukaambiwa ni virusi, hakupewa antibayotiki. Siku ya tatu alikuwa mzima. Ila mimi bado moyo unanienda mbio: je, ingekuwa ni kitu kibaya? Homa kubwa kiasi kile haiharibu ubongo? Na nilipaswa kumwamsha kumpa dawa nyingine?

Jibu:

Marahaba, mama. Katika maelezo yako yote, kilichonituliza si ile 38.2. Ni mdoli. Mtoto wa umri huo anayeomba mdoli wake saa nane usiku anajua yuko wapi, anajua anataka nini, na ana nguvu ya kudai. Kwa hayo uliyonieleza, kusubiri asubuhi kulikuwa sawa, na kumpeleka asubuhi akapimwe kulikuwa sawa pia. Mume wako hakukosea kuogopa. Alichokosea ni kuiogopa namba.

Nimekaa zamu nyingi za usiku, na mzazi akiingia mlangoni neno lake la kwanza huwa ni namba: "Ana thelathini na tisa na nusu!" Tunaitikia, lakini macho yetu yameshahamia kwa mtoto. Anatufuata kwa macho? Analia kwa sauti yenye nguvu, au ananung'unika tu kama paka aliyechoka? Kifua kinakwendaje? Mtoto mwenye 40 anayekimbiza viatu vya muuguzi ananipa wasiwasi mdogo kuliko mwenye 38.3 aliyelala begani kwa mama yake kama nguo iliyoloa.

Sasa tuje kwenye homa yenyewe, maana hofu nyingi zinatokana na kutojua inafanya nini. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo hipothalamasi, na mojawapo ya kazi zake ni kuamua mwili uwe na joto gani. Vijidudu vinapoingia, chembe za kinga hutoa kemikali zinazosababisha kutengenezwa kwa prostaglandini, na hiyo ndiyo inayoiambia hipothalamasi ipandishe kiwango. Kuanzia hapo mwili unaiona 37 kuwa ni baridi. Ndiyo maana homa inapoanza kupanda mtoto hutetemeka, miguu na viganja vinakuwa vya baridi, anataka kujikunyata, ilhali tumbo na kichwa vinachoma. Mwili unatafuta joto la kufikia kiwango kipya. Kiwango kikirudishwa chini, kwa dawa au kwa ugonjwa kuisha, mambo yanageuka: uso unaiva, jasho linamtoka, anaitupa shuka. Jasho basi ni dalili kwamba homa imeshaanza kushuka. Halikuishusha lenyewe, na kumfunika blanketi ili alitoe ni kumzidishia joto mtoto ambaye tayari analo la kutosha. Mwambie mama mkwe kwa adabu, lakini mwambie.

Kwa sababu ni ubongo wenyewe unaopanga kiwango, kiwango hicho kina dari. Homa ya maambukizi ni nadra kuvuka 41, na 39 au 40 haiunguzi ubongo. Kinachoweza kuumiza ubongo ni ugonjwa ulioleta homa, kama homa ya uti wa mgongo au malaria kali, na huo unaumiza hata kipimajoto kikisoma 38. Joto linaloharibu ubongo kwa ujoto wake lina asili nyingine: mtoto aliyeachwa ndani ya gari lililofungwa juani, au mtu aliyefanya kazi ngumu kwenye jua kali mpaka akaanguka. Hapo hipothalamasi haijapanga chochote, mwili umeshindwa tu kutoa joto. Parasetamoli haisaidii kitu. Huyo anamwagiwa maji, anapepewa, na anakimbizwa hospitali.

Homa pia ina kazi yake. Vijidudu vingi huzaana kwa shida joto likipanda, na chembe za kinga hufanya kazi kwa kasi zaidi. Zamani madaktari waliliamini jambo hili hadi kupita kiasi. Julius Wagner-Jauregg wa Austria alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1927 kwa kuwaambukiza malaria kwa makusudi wagonjwa ambao kaswende ilikuwa imeshawaingia ubongoni, ili homa iwapambanie. Wapo waliopata nafuu, na wapo waliouawa na hiyo malaria. Antibayotiki zilipofika tiba ile ikatupwa, na sijasikia anayeililia. Lakini siku ukijilaumu kwamba dawa haikuifuta homa yote, kumbuka kwamba hukuwa na haja ya kuifuta.

Na hapa nakusahihisha kwa upole. Umeandika "ikashuka hadi 38.2 tu." Hilo "tu" liondoe. Parasetamoli huanza kufanya kazi baada ya nusu saa hivi, hufika kileleni kati ya saa ya pili na ya tatu, na kwa kawaida hushusha nyuzi 1 hadi 1.5. Kutoka 39.4 hadi 38.2 ni dawa iliyofanya kazi yake vizuri kabisa. Kisha ikaisha mwilini, kwa hiyo homa ikarudi, kwa sababu virusi walikuwa bado wapo. Wazazi wengi hudhani homa inayorudi ni dawa iliyoshindwa, au ni ugonjwa mkubwa. Si lazima. Kinyume chake pia ni kweli, na hiki ndicho kinachonikosesha usingizi: homa kushuka vizuri kwa dawa hakuthibitishi kwamba ugonjwa ni mdogo. Nimonia inashuka kwa parasetamoli. Homa ya uti wa mgongo inashuka kwa parasetamoli. Kwa hiyo usimpime mtoto kwa kuangalia dawa imeshusha ngapi. Mpime kwa kumtazama baada ya dawa kufanya kazi: amechangamka kidogo? Anacheza hata kwa dakika tano? Anakunywa? Kama joto limeshuka na bado amelegea vilevile, hiyo ni habari mbaya, na hapo mume wako anaruhusiwa kuvaa viatu.

Kuhusu kipimajoto, chako cha kwapani kinatosha. Kwapa husoma chini ya joto la ndani ya mwili kwa karibu nusu nyuzi, ndiyo maana wahudumu wengi wakipima kwapani huhesabu kuanzia 37.5 kuwa ni homa, ilhali kwa kipimo cha njia ya haja kubwa mpaka ni 38. Futa jasho kwanza, ncha ikae katikati ya kwapa, mkono uubane ubavuni mpaka kilie. Usijumlishe nusu kichwani mwako. Mwambie daktari namba uliyoiona na mahali ulipopima, mengine atayamaliza yeye. Hiyo 37 tunayoiita joto la kawaida ilienezwa na Carl Wunderlich, daktari wa Leipzig, mwaka 1868, baada ya kuwapima maelfu ya wagonjwa, na hata yeye alijua kwamba joto la mwili halitulii: huwa chini kabisa alfajiri na juu kabisa alasiri kuelekea jioni. Homa nayo inafuata mawimbi hayohayo, ndiyo maana mtoto aliyeshinda vizuri huanza kuchemka jua linapozama, na wazazi wanaona kama ugonjwa unawavizia usiku. Kama bado una kipimajoto cha zamani chenye zebaki, kiweke mbali. Kikivunjika, mvuke wa zebaki ni sumu.

Dawa ndipo makosa yanapotokea zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa. Kipimo cha parasetamoli kwa mtoto kinafuata uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, na isizidi mara 4 katika saa 24. Binti yako wa kilo 12 anahitaji kati ya miligramu 120 na 180 kwa mara moja. Sasa ichukue chupa, igeuze, usome maandishi madogo. Kama imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5, kipimo chake ni mililita 5 hadi 7.5. Kama ni 250 katika mililita 5, ni mililita 2.4 hadi 3.6 tu. Na kuna matone ya watoto wachanga ambayo huwa makali zaidi, mengine yana miligramu 100 katika kila mililita moja. Mama aliyezoea kumpa mtoto "kijiko kimoja" akinunua chupa hiyo na kumpa mililita 5, amempa miligramu 500, karibu mara tatu ya kiwango cha juu. Chupa zinafanana, rangi zinafanana, ladha ni ileile ya stroberi. Ini la mtoto ndilo linalolipa. Kwa hiyo tumia bomba dogo la plastiki au kikombe kilichokuja na dawa, usitumie kijiko cha jikoni, maana vijiko vya jikoni havina ukubwa mmoja. Na andika saa uliyompa. Saa kumi usiku kila mtu nyumbani anaamini kwamba mwenzake hajampa.

Kumbuka pia kwamba dawa nyingi za mafua na kikohozi zina parasetamoli ndani yake. Ukimpa na hiyo na ya homa, umempa mara mbili bila kujua. Akitapika kabla ya nusu saa kupita, unaweza kurudia kipimo kilekile mara moja. Ikishapita nusu saa, subiri muda wa kipimo kinachofuata.

Ibuprofeni nayo inashusha homa, miligramu 5 hadi 10 kwa kilo kila baada ya saa 6 hadi 8, lakini ina masharti zaidi. Usimpe mtoto wa chini ya miezi 3, wala anayetapika na kuharisha mpaka amekauka, kwa sababu figo zake ziko hatarini. Tetekuwanga, hapana. Penye homa ya dengi, hapana kabisa, kwa sababu inaongeza hatari ya kuvuja damu. Wala usimpe pamoja na parasetamoli kwa wakati mmoja ili namba ishuke haraka. Aspirini kwa aliye chini ya miaka 16 usiiguse, isipokuwa daktari ameiandika kwa sababu maalumu. Inahusishwa na ugonjwa wa Reye, ulioitwa kwa jina la daktari wa Australia aliyeueleza mwaka 1963, ambao huvimbisha ubongo na kuharibu ini baada ya virusi kama vya mafua au tetekuwanga.

Maji baridi ya dada yako tuyaache kwa matumizi mengine. Ngozi ikipozwa ghafla, mishipa yake inajibana, mtoto anatetemeka, na kutetemeka kunazalisha joto. Anapata mateso, na joto la ndani halishuki kwa maana yoyote. Kumpangusa kwa spiriti ni kubaya zaidi, inapenya kwenye ngozi na anaivuta kwa pumzi. Mvishe nguo moja nyepesi, shuka nyepesi akitetemeka, dirisha wazi, basi.

Kinachosahaulika ni maji. Homa inakausha: anapumua haraka, anatoka jasho, hana hamu ya kitu. Chakula akikikataa kwa siku mbili hakuna shida, usimlazimishe. Vinywaji asikatae. Anayenyonya anyonyeshwe mara nyingi zaidi, mkubwa apewe kidogo kidogo, hata kijiko kila dakika mbili. Kipimo chako ni nepi. Kama saa 8 hadi 12 zimepita bila mkojo, au analia bila machozi na mdomo umekauka, hilo peke yake linatosha kukutoa nyumbani.

Sasa nije kwenye lile lililokufanya uandike: utajuaje wakati mwingine?

Kwanza angalia umri. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye 38 au zaidi anaondoka sasa hivi, hata kama anacheka, hata kama ni saa tisa usiku, na bila kumpa dawa ya homa nyumbani kwanza. Katika umri huo maambukizi ya damu yanaweza kujificha nyuma ya uso mzuri kabisa. Kichanga pia anaweza kupoa badala ya kuchemka, kwa hiyo aliyepoa chini ya 35.5, amelegea na hataki titi, ni mgonjwa sana. Kati ya miezi 3 na 6, homa ya 39 inatosha kukupeleka siku hiyohiyo. Baada ya hapo namba inapoteza uzito wake, na mtoto mwenyewe anaanza kuzungumza.

Cha pili ni pumzi, na hapa nataka ujifunze kitu kimoja ambacho hakihitaji kifaa chochote zaidi ya saa yenye mshale wa sekunde. Subiri awe ametulia, ikiwezekana amelala. Inua nguo mpaka uone kifua na tumbo. Tumbo likipanda na kushuka, hiyo ni moja. Hesabu kwa dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, watoto wadogo hupumua kwa vipindi. Shirika la Afya Duniani limeweka mipaka ambayo wahudumu wa afya huitumia hata pasipo na umeme: 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 au zaidi kuanzia miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, 40 au zaidi kuanzia mwaka mmoja hadi miaka 5. Homa yenyewe inaharakisha pumzi kidogo, kwa hiyo ukipata 44 kwa binti yako akiwa na 39.4, hesabu tena dawa ikishafanya kazi. Bado ni 40 au zaidi? Nenda. Na wakati unahesabu, tazama chini ya mbavu. Pakibonyea kwenda ndani kila anapovuta hewa, au pua zikitanuka, au akiguna kila anapotoa pumzi, acha kuhesabu na uondoke.

Cha tatu ni zile dalili ambazo hazina mjadala kwa mtoto wa umri wowote. Hawezi kunywa wala kunyonya. Anatapika kila anachomeza. Amepata degedege. Amelegea, au ni vigumu kumwamsha, au akiamka hakutambui. Moja tu inatosha, usisubiri ya pili. Ongeza shingo iliyokakamaa, utosi uliovimba kwa mtoto mchanga, kilio chembamba kisichonyamazika hata akibebwa, mguu au mkono ambao hataki uguswe, na midomo ya buluu au kijivu. Kwenye ngozi nyeusi rangi hiyo itafute kwenye ulimi, fizi na kucha.

Vipele navyo. Vingi ni vya virusi, na kuna aina moja maarufu ambapo mtoto hupata homa kali siku tatu hadi tano, homa ikatoweka, ndipo vipele vikatokea, na wazazi wanakuja wamechanganyikiwa ilhali mtoto ameshapona. Lakini chukua glasi ya kioo, ubonyeze ubavu wake juu ya kipele. Kikififia, tulia, ukamwonyeshe daktari kwa wakati wake. Kikibaki chekundu au cha zambarau chini ya kioo, hiyo ni damu iliyovuja chini ya ngozi, na mtoto mwenye homa na vipele hivyo haanzi kwa kupiga foleni. Kwa mtoto mweusi vitazame viganjani, nyayoni na ndani ya kope za chini, ndipo vinapoonekana mapema.

Halafu muda. Homa iliyofika siku 3 bila kupungua inahitaji daktari hata kama mtoto anacheza. Kwa wasichana wadogo hasa, homa isiyo na mafua, kikohozi wala kuharisha hunifanya niombe mkojo, kwa sababu maambukizi ya njia ya mkojo kwa umri huu mara nyingi hayana dalili nyingine zaidi ya homa. Ikifika siku 5, kuna magonjwa ya uvimbe wa mishipa ya damu, kama Kawasaki, ambayo lazima tuyatafute kabla hayajagusa moyo. Na usimkubalie anayekwambia ni meno. Meno yanaleta ute na usumbufu. Homa ya 39 hayaleti.

Malaria inavuruga hesabu hii yote. Mkiishi penye malaria, au mtoto amesafiri huko, zile siku 3 hazipo. Apimwe ndani ya saa 24 tangu homa ianze, kwa sababu malaria ya aina ya falciparum inaweza kumgeuza mtoto mdogo kutoka homa ya kawaida hadi kupoteza fahamu ndani ya siku moja au mbili. Kipimo cha haraka kinataka tone moja la damu ya kidole, na majibu hutoka kwa dakika 15 hadi 20. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayeshukiwa apimwe kabla ya kupewa dawa, kwa hiyo usimeze wala usimpe dawa ya malaria kwa kubahatisha. Na kipimo kikisema hakuna malaria, swali bado liko palepale: homa imetoka wapi? Kama mlisafiri, itaje safari hiyo kabla hujaulizwa, hata kama miezi imepita.

Dengi ina hila yake: hatari huanza homa inaposhuka, kati ya siku ya 3 na ya 7. Familia inashukuru kwamba joto limeisha, kumbe ndipo mishipa inapovuja. Tumbo linalouma sana, kutapika mfululizo, damu kwenye fizi au puani, au kukosa utulivu baada ya homa kutoka ni safari ya hospitali.

Umetaja ubongo, na nadhani nyuma ya swali hilo kuna hofu ya degedege. Huwapata watoto wawili hadi watano kati ya 100, kati ya umri wa miezi 6 na miaka 5, na inatisha kuliko chochote mzazi atakachowahi kuona. Ile fupi, ya mwili mzima, inayoisha kabla ya dakika 5, haiachi madhara kwenye ubongo. Ikitokea, mlaze chini kwa ubavu, ondoa vitu vya kumgonga, tazama saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimmiminie dawa, usimshike kwa nguvu azuilike. Ikifika dakika 5, ita gari la wagonjwa au ondoka naye. Ikiisha mapema na ndiyo mara ya kwanza, mpeleke vilevile, kwa sababu degedege ya homa na degedege ya malaria au ya uti wa mgongo hazitofautishwi kwa macho. Na usijilaumu kwamba ulichelewa kumpa parasetamoli: dawa za homa hazijaonyesha kuizuia.

Kwa nyinyi wakubwa, kwa kuwa virusi wa mtoto huwa wanamalizikia kwa wazazi: parasetamoli isizidi gramu 4 kwa siku, maji ya kutosha, na siku 3 ni ukomo uleule, penye malaria saa 24 zilezile. Wasiosubiri ni mjamzito, mama aliyejifungua karibuni, anayetibiwa saratani, mwenye selimundu, asiye na wengu, na yeyote ambaye kinga yake imeshuka. Mzee anaweza kuwa na nimonia na asichemke kabisa. Yeye ukimwona amechanganyikiwa ghafla, usitafute kipimajoto, mpeleke hospitali.

Ukienda hospitali, nenda na karatasi yenye saa homa ilipoanza, namba ya juu kabisa, dawa gani, mililita ngapi, saa ngapi, na mara ya mwisho alipokojoa. Ubebe chupa ya dawa yenyewe. Ukiambiwa ni virusi na hupewi antibayotiki, kama mlivyoambiwa, uliza tu: "Nikiona nini nirudi?" Daktari aliyemkagua mtoto wako vizuri atakuwa na jibu la moja kwa moja.

Limebaki la kumwamsha. Kwa dawa ya homa, hapana. Dawa hiyo ni ya kumpunguzia adha, na aliyelala hana adha. Za malaria na antibayotiki ndizo unazomwamshia, zina saa zake. Lakini kumwacha alale si kumwacha peke yake. Usiku wa homa kali mtazame kila baada ya saa mbili tatu: hesabu pumzi, gusa miguu, msogeze kidogo begani. Akikunja uso, akausukuma mkono wako na kuuvuta mdoli wake karibu, zima taa.